Kitasa

Bwana Semdoe kaja na bisibisi, hodi hakupiga.
Saa moja na robo asubuhi, Barabara ya Kumi na Nne,
chai haijachemka,
nasikia mlango unalia, bawaba moja, bawaba ya pili.

"Kodi imepita siku kumi na moja," anauambia mlango.
Mimi hajanitazama tangu mfungo uliopita,
tangu niliposema bati linavuja juu ya cherehani
akanijibu mvua si yake, ni ya Mungu,
malalamiko niyapeleke huko.

Kwa asiyeijua nyumba hii:
maji ya bomba mwisho saa tatu.
Ng'onda usikaange, mkewe ana kichefuchefu.
Pasi ya umeme mwiko, na mimi ni fundi nguo!
Mgeni akilala usiku wa pili, elfu mbili.
Luku tunachanga vyumba sita, linakula friji lake,
na taa ya uani tunayoilipia sote
swichi yake iko chumbani kwake.
Kikohozi tu hakijawekewa bei,
nacho nakohoa taratibu, asije akakumbuka.

Kaubeba mlango kichwani, magoti yanamtetemeka.
Umri nao unamdai.
Nusura nimpokee.
Adabu nayo ni maradhi.

Nikatundika kitambaa cha sare za shule,
bluu, mita mbili na nusu.
Chumba kikawa njia.
Kuku wa Mishi kaingia, kakagua, katoka.
Watoto wakaja kuazima kiberiti bila hodi,
maana hodi hupigwa kwenye mbao,
nguo utaigongaje?
Usiku nikajifunga kamba mguuni, ncha ya pili kwenye cherehani:
mwizi akiivuta, atanivuta na mimi.
Sikuibiwa. Sikulala pia.

Kulipokucha nikaenda kwa balozi Mhina na daftari langu.
Ukurasa wa kwanza, kwa penseli ya Semdoe mwenyewe:
*hadi Desemba amelipa.*
Ukurasa wa tisa, kwa mkono wangu:
*Semdoe, wajukuu, mashati matatu, kaptula mbili,
amesema atalipa shule zikifunguliwa.*
Shule zimefunguliwa.
Mhina akacheka kwa pua,
kisha akakumbuka kuwa yeye ni balozi.

Tukakalishwa.
"Mlango ni wangu," kasema Semdoe. "Mvule mtupu.
Naung'oa nikitaka, naupika nikitaka."
Hakuna aliyebisha. Ni wake.

"Na kitasa?" nikauliza.
Kile cha kwanza kilikuwa kikifunguka kwa kijiko cha chai.
Nilimwambia mara tatu, mara tatu akaniambia hapa hakuna wezi,
nikaenda mwenyewe dukani Barabara ya Nane.
Risiti hii hapa, wino umepauka
ila ukiiinamisha kwenye mwanga, bei inasomeka.

Akasimama. Bisibisi ile ile.
Skrubu nne. Tatu zikatoka kwa heshima,
ya nne ikagoma, ikamtoa jasho mbele za watu,
mlango ukawa unamponyoka.

Nikainuka nikamshikia.
Tukawa hivyo kitambo, yeye upande huu, mimi upande ule,
kama watu wanaohamisha kabati la harusi.

Sasa niko Makorora. Mlango upo, kitasa upo nacho.
Kile changu nimekiweka kwenye droo ya cherehani
kati ya vifungo na rula,
na ufunguo wake natembea nao, haufungui kitu.
Mishi ananiambia chumba kimepata mtu,
kalipa miezi sita mbele,
tundu la kitasa kaliziba kwa gazeti.

Hela ya mashati, bado.

Juzi nimemwona mjukuu mdogo, yule wa darasa la pili,
anatoka shule, shati limembana kwapani.
Nikamwambia apite Jumamosi nimfumulie.
Nilipolishona niliacha nguo ya akiba kwenye mshono,
vidole viwili kila upande.
Mtoto hukua, kodi iwe imelipwa au la.